Pesa ya Ndizi

Mwalimu wa Kiswahili afundishaye Buyenzi ana raha moja ambayo wenzake wengi wa Burundi hawana. Wanafunzi wake huja darasani na lugha tayari. Mtaa wetu huu, ambao njia zake huitwa kwa nambari wala si kwa majina, ulipangwa zama za Wabelgiji, na tangu hapo ukawa maskani ya wale walioitwa Waswahili: watu wa Ujiji, watu wa Manyema, watu wa ng'ambo ya ziwa, na Warundi walioteremka kutoka milimani wakasilimu. Kwa hiyo Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani, ya soko la Ruvumera na ya mafundi wa magari. Ingawa shule nyingi nchini hazikuanza kukifundisha kwa dhati mpaka Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, mtoto wa Buyenzi alikuwa akikitumia kugombana, kubembeleza na kuapa kabla hajajua shule ni nini.

Lakini raha hiyo ina mitego yake. Mwaka mmoja tulikuwa tukifundisha methali isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tulieleza, kama ilivyo desturi, kwamba mgema ni mtu apandaye mnazi kugema, na kwamba tembo hapa si mnyama bali ni kinywaji, ndiyo maana twasema "hulitia" wala si "humtia". Tukafika kwenye maana: mtu akisifiwa sana huharibu kazi yake. Hapo akasimama kijana mmoja ambaye jamaa zake hufanya biashara Ruvumera, akasema, "Samahani, mwalimu. Huyo mgema kosa lake ni nini? Kwetu mlimani kila atengenezaye urwarwa hutia maji. Asipotia maji, hiyo si urwarwa tena, ni isongo."

Darasa zima lilicheka. Nasi tulicheka, lakini kicheko chetu kilikuwa na sababu nyingine. Kijana yule alikuwa amesema jambo ambalo sisi tulilijua kuliko yeyote mle chumbani, nasi hatukupata kulitamka hadharani. Maana sisi ndugu wanne, Waislamu wa Buyenzi, watoto wa fundi cherehani aliyeheshimiwa mtaani, ndio wenye shamba la migomba lililo mlimani, na kutoka shamba hilo hutoka pombe.

Afadhali tulieleze shamba lenyewe kwanza. Atokaye Bujumbura kwa barabara ya Bugarama huanza kupanda mara tu mji unapokwisha. Ziwa Tanganyika humbakia chini nyuma yake, na milima ya Kongo huonekana ng'ambo kama ukuta. Milima hii ya upande wetu huitwa Mumirwa. Ni mikali, na udongo wake huteremka na maji kila masika, ukipita katika mito kama Ntahangwa ambayo sisi watu wa Buyenzi twaijua kwa ubaya wake wa kumega kingo. Babu yetu alipanda migomba kuizunguka nyumba yake kwa sababu aliyoijua kila mkulima wa huko: mgomba hutandaza majani yake, majani yakikauka huanguka, nayo yakianguka huufunika udongo usiende zake. Taka za jikoni na samadi ya mbuzi huishia huko huko shinani. Ndiyo maana migomba iliyo karibu na mlango wa nyumba huwa minene kuliko mingine yote.

Baba yetu aliliacha shamba hilo akiwa kijana, akaja mjini, akasilimu, akaoa, akanunua cherehani. Shamba likabaki mikononi mwa dada yake, shangazi yetu, ambaye alirudi kwao baada ya kufiwa na mumewe. Yeye ni Mkristo, hajui kusoma, na Kiswahili chake ni kile cha sokoni. Kwa muda wa miaka zaidi ya arobaini amekuwa meneja, mweka hazina na mwonjaji wa kiwanda ambacho hakina bango wala paa.

Walimu wenzetu wa pwani huenda hawajaona urwarwa ikitengenezwa, basi na tuieleze kwa kadiri tuwezavyo. Ndizi za pombe si zile za kupika. Hukatwa zingali kijani lakini zimekomaa, kisha huvundikwa. Neno hili "kuvundika" tumeliona likiwasumbua wanafunzi wengi katika mitihani, ilhali mlimani ni kazi ya mikono: huchimbwa shimo, likatandikwa majani ya mgomba, likapashwa moto, mikungu ikapangwa ndani, ikafunikwa kwa majani tena na udongo juu yake. Baada ya siku nne au tano, kutegemea joto, ndizi hutoka zimeiva kwa pamoja, laini, na harufu yake humfikia mtu aliye mbali njiani. Humenywa, hutiwa katika umuvure, yaani mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo, halafu hukandwa pamoja na nyasi kavu. Nyasi hizo ndizo siri ya kazi. Bila ya nyasi ndizi huwa uji tu, lakini zikikandwa na nyasi maji yake hujitenga yakatoka safi. Kazi ya kukanda aghalabu hufanywa na wanaume, nao hukanda mpaka jasho linawatiririka. Maji hayo ya kwanza huitwa umutobe, ni matamu kama asali, na hata mtoto mchanga hupewa.

Baadaye umutobe huchujwa, hutiwa maji kidogo, na juu yake hunyunyizwa amasaka, yaani mtama uliokaangwa ukasagwa, ambao ndio chachu yake. Hufunikwa, huwekwa mahali penye joto, na kesho yake au kesho kutwa imekwisha kuwa urwarwa. Mikungu 12 mizuri ya shamba letu huweza kutoa madumu manne ya lita 20. Haikai. Siku ya nne huanza kuwa chungu, na baada ya hapo inaelekea kwenye siki. Mwenye mizabibu huweza kuweka mvinyo wake miaka kadhaa akauza bei ipandapo. Mwenye migomba akichelewa kuuza siku tatu amepata hasara.

Swali moja limetushughulisha sana kama walimu wa lugha, nalo ni hili: kinywaji hiki kiitweje kwa Kiswahili? Wengi husema pombe ya ndizi. Lakini pombe, kwa mazoea ya wengi, hutokana na nafaka, na kinywaji kitokacho katika maji ya tunda huitwa mvinyo, neno tulilolipata kwa Wareno, au divai, tulilolipata kwa Wafaransa. Urwarwa ina tunda, lakini ina mtama vile vile. Wachaga nao huchanganya ndizi na ulezi wakapata mbege. Wahaya wana rubisi, Waganda wana tonto, na majirani zetu wa Kivu wana kasiksi. Huko Arusha kuna mvinyo wa ndizi utiwao katika chupa. Kila kabila la nchi hizi lenye migomba limekipa kinywaji hiki jina lake, na Kiswahili, ambacho kilitoka mahali pa minazi, kikabaki na tembo lake. Hata zabibu zenyewe, ambazo Tanzania huzilima Dodoma tangu wamisionari walipozipanda, jina lake kwa Kiarabu ni la zabibu kavu. Tulizijua zikiwa zimekauka dukani kabla hatujaziona zikining'inia mtini.

Tumetaja majina haya kwa sababu nyumbani kwetu Buyenzi hakuna hata moja lililotumika. Nyumbani kwetu palikuwa na maneno matatu tu: pesa ya ndizi. Mara moja kwa mwezi hivi alifika mtu wa baiskeli. Walioiona barabara ya Bugarama wanawajua watu hao: huteremka wakiwa wamefungasha mikungu mpaka wao wenyewe hawaonekani, na wakati wa kurudi hushika nyuma ya lori linalopanda, jambo ambalo limewaua wengi. Mtu huyo alimpa baba bahasha. Baba alikuwa akisema, "Shangazi yenu ameleta pesa ya ndizi," kisha alikuwa akiifungia ndani ya kasha la cherehani. Sisi tuliamini kwamba mlimani watu huuza ndizi za kupika. Hatukuwa na sababu ya kuuliza.

Vita vilianza mwaka 1993, wengine wetu tukiwa shule ya msingi. Buyenzi, kwa kuwa ni mchanganyiko wa watu wa kila aina, iliwahifadhi wengi waliokimbia mitaa mingine. Milimani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1999 serikali iliwahamisha wakazi wa vilima vinavyouzunguka mji ikawakusanya katika kambi, na shangazi yetu alikuwa mmoja wao. Aliishi chini ya hema ya majani na plastiki, akiruhusiwa kwenda shambani siku chache tu. Ndiyo miaka ambayo sisi tulikuwa sekondari. Cherehani ya baba ilikaa kimya kwa kukosa vitambaa na wateja, lakini karo ililipwa. Na baadaye tulipokwenda kusomea stashahada ya ualimu, nauli na daftari zilipatikana. Tulimsifu baba kwa uhodari wake.

Baba alifariki mwaka 2011. Tulipofungua kasha la cherehani tulikuta daftari. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, na mbele ya tarehe kulikuwa na idadi ya madumu. Si mikungu, madumu. Kaka yetu mkubwa, ambaye ni mtu wa dini kwelikweli na huadhinisha msikitini, alilisoma daftari lile akiwa amesimama, akalifunga, akatoka nje. Hatukumwona mpaka magharibi.

Tulipanda mlimani sote wanne baada ya arobaini. Shangazi alitupokea, akatusikiliza, akatujibu kwa Kirundi maneno ambayo tutayafasiri kadiri yalivyo: "Baba yenu alijua. Alinikataza kulitaja jina lake mbele yenu, basi sikulitaja. Mlitaka niseme nini? Ndizi ni ndizi." Kaka akamwuliza kama baba hakupata kumwambia aache. Shangazi akasema alimwambia mara moja, mwaka 1995, naye akamjibu kwamba ataacha mara watoto watakapomaliza shule. Baba hakurudia tena.

Yafaa tukiri kwamba jambo hili lilitugawa. Kaka aliapa kwamba hatakula hata senti ya shamba lile. Dada yetu, aliyeolewa na mkulima huko huko Mumirwa, alisema kwamba mwenye kula karo hana haki ya kutukana mlipaji. Mdogo wetu alitaka tuuze tugawane. Sisi, ambao mshahara wetu umepatikana kwa stashahada iliyolipiwa na daftari lile, tulikaa kimya, nasi hatujivunii ukimya huo. Tulimwendea mwalimu mmoja mzee wa dini, ambaye jina lake halina haja hapa. Alituambia kwamba kutengeneza na kuuza ulevi hakumfai Mwislamu, jambo tulilolijua; kwamba shangazi yetu ana dini yake, jambo tulilolijua pia; na kwamba yaliyopita tuliyala bila kujua. Juu ya yatakayokuja alituuliza, "Ardhi ni ya nani?" Tukasema ni ya babu. Akasema, "Basi ni yenu." Tukashuka ngazi zake tukiwa na mzigo ule ule.

Jibu letu la kwanza lilikuwa la kitabuni. Tulisema: umutobe si ulevi, basi tuuze umutobe. Tuliuchemsha, tukautia katika chupa zilizooshwa, tukaziba, tukateremka nazo Ruvumera. Chupa nyingi hazikuchemshwa barabara, na chachu haina subira. Siku ya tatu zilianza kupasuka katika duka la rafiki yetu mmoja auzaye vipuri vya magari, ambaye alikuwa ametupa pembe ya rafu kwa wema tu. Kwa muda wa wiki mbili duka la Mwislamu yule lilinuka kama kilabu. Yeye mwenyewe hucheka akilikumbuka, mkewe hacheki.

Shamba liliendelea hivyo hivyo, shangazi akipeleka fungu letu kwa dada, na dada akilihifadhi bila ya mtu kuuliza, mpaka mwaka 2016. Mwaka huo uliingia ugonjwa ambao Warundi huuita kirabiranya. Ni mnyauko wa bakteria, ulioonekana zamani huko Ethiopia, ukaingia Uganda mwaka 2001, ukaenea Kongo, Rwanda, Tanzania na Kenya, na hapa Burundi ukathibitishwa mwaka 2010. Majani hunyauka kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi huiva kabla ya wakati, bila mpango, na ukiipasua moja ndani yake ina rangi ya kutu. Ukikata shina hutoa usaha wa manjano. Wadudu huuchukua kutoka ua hadi ua, lakini mchukuzi mkubwa zaidi ni kisu cha mwenye shamba, kikatacho mgomba mgonjwa asubuhi na mgomba mzima mchana.

Shangazi alituma ujumbe kwa dada, dada kwetu, nasi kwa kaka. Hatukutarajia jibu. Jumamosi ile, alfajiri, tulipofika kituo cha magari tulimkuta kaka amekaa juu ya jiwe, ana panga lililofungwa gazeti.

Wakati huo tulikuwa bado twafuata shauri la awali la wataalamu, kwamba shina ling'olewe zima pamoja na watoto wake wote. Baadaye ilijulikana kwamba yatosha kuukata kila mgomba ulio mgonjwa, mmoja mmoja, mara uonekanapo, bila kuwagusa wale wazima wa shina hilo hilo. Tungalijua, tungaliokoa mingi. Tulikata siku mbili. Kaka alikuwa akikata, dada akilipitisha panga katika moto kila baada ya mgomba mmoja, sisi tukiburuta, mdogo wetu akichimba. Migomba aliyoipanda babu karibu na mlango, ile minene, ilianguka siku ya pili. Shangazi hakutoka ndani. Jioni alituletea maji ya kunawa, na ndizi za kupika pamoja na maharage, akamwekea kaka sahani yake kando, mbali na chungu chochote kilichopata kuguswa na pombe. Hakusema neno juu ya jambo hilo. Kaka alikula akamaliza, akaomba kuongezwa.

Tangu hapo tumepanda upya, nusu kwa ndizi za kupika, nusu kwa ndizi za kuvundika. Kila ua la dume hukatwa kwa kijiti chenye panda wala si kwa kisu, mara chana la mwisho linapotokeza, ili wadudu wasipate pa kutua. Sisi husema kijiti hicho kimetufundisha nidhamu kuliko chuo cha ualimu. Miaka hii ya ukosefu wa petroli, ndizi za kupika ndizo zenye taabu kuuzwa, kwa kuwa ni nzito na lori halipatikani. Urwarwa hunywewa pale pale kilimani, na wanywaji huja kwa miguu. Hesabu haifuati matakwa yetu.

Kwa kuwa shangazi sasa haoni vizuri, kazi ya kuhakikisha ubora imetuangukia. Hapa ndipo wanafunzi wetu wangecheka wakijua. Hatujapata kuionja urwarwa wala hatutaionja. Tumefundishwa kusikiliza. Ukiweka sikio juu ya dumu siku ya kwanza husikia mchemko kama mvua juu ya bati. Siku ya pili hupungua ukawa kama mtu anong'onaye. Ukinyamaza, imekwisha kuwa tayari. Shangazi huonja baada yetu. Hutuambia kwamba twakosea mara chache tu.

Daftari la baba lilikuwa limebakiwa na kurasa, nasi tunaliendeleza. Kaka alishauri tuchore safu mbili, ya ndizi za kupika na ya zile nyingine, ili fungu lake litolewe katika safu ya kwanza peke yake. Tulichora. Juu ya safu ya kwanza yeye mwenyewe aliandika "Ndizi za kupika" kwa mwandiko wake mzuri. Kisha akatusogezea daftari na kalamu, akasema, "Mwalimu, hiyo nyingine andika wewe." Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Safu imejaa tarakimu mpaka chini, imeendelea ukurasa wa pili na wa tatu, na juu yake bado pako wazi.